Vibaba vya Mardhiya

"Umeniharibia funga yangu, Mama Samia! Enyi Waislamu nisikilizeni, wifi yangu amenitia chai kinywani mchana kweupe!"

Ndivyo alivyopiga kelele Mardhiya binti Husseni, pale ufukweni kwetu Mlingotini, amekaa mchangani, nguo zimemganda kwa maji ya chumvi, midomo imepauka kama iliyopakwa unga. Mimi nimepiga magoti mbele yake na kikombe mkononi. Nusu ya chai imeingia, nusu imemwagika kifuani. Nyuma yake Batuli, rafiki yake tangu usichana, amemkamata mabega asianguke. Batuli ndiye aliyemtoa majini. Alimkuta amejiinamia katikati ya maji yanayojaa, yamemfika kifuani, anafunga kamba kwenye kigingi ambacho hakipo.

"Funga gani?" nikamuuliza. "Ramadhani imepita, sita za Shawali zimepita, sasa watu wanasoma maulidi. Funga ya nani hiyo?"

"Ya deni."

"Deni la nani?"

"La Mungu! Wewe unataka niende nalo kaburini upate kurithi kitanda changu."

"Kitanda chenyewe kina kunguni."

"Hakina! Kunguni unao wewe na ukoo wenu wa Fukayosi!"

Batuli akacheka, mimi nikashusha pumzi. Mtu anayeweza kuutukana ukoo wangu bado hajafa. Nikaita bajaji.

Mardhiya ni dada wa mume wangu, Kitwana, na wifi wa pwani amepewa ruhusa ya kukusema mpaka mmoja wenu afe. Siku niliyoletwa bibi harusi, watu wengine walikuja kunitazama uso. Yeye aliingia jikoni akapindua masufuria yangu mapya kutazama matako yake. Akasema, "Tutaona kama yatabaki hivi." Tangu siku hiyo nasugua masufuria kwa hasira, na mpaka leo yanang'aa, sikatai.

Alikuwa mtu wa usafi na mtu wa kulipa. Akiazima kiberiti jioni, asubuhi kinarudi na njiti zaidi ya alizozikuta. Ukimpa kitumbua, kesho utaona kipande cha papai mlangoni. Mumewe, marehemu Abdillah, alikuwa fundi wa madema, ile mitego ya samaki, mtu mpole wa kusema "tutafanya, tutafanya". Yeye Mardhiya hakujua neno "tutafanya". Analijua "nimefanya". Mwani ulipoingia kijijini, akawa katika wanawake wa mwanzo kupiga vigingi, na shamba lake lilijulikana kwa mbali, kamba zimenyooka kama mistari ya daftari. Mwani unataka usafi. Maji yakitoka unaingia, unazitikisa kamba, unayaondoa magugu ya bahari na utelezi, uliokatika unauokota uufunge upya. Ukiuacha, uchafu unaukaba, unaoza ungali umefungwa. Wenzake walikuwa wakirudi nyumbani, yeye bado ameinama. "Mmeacha uchafu kule!" atawapigia kelele. "Mnamwachia nani?"

Mtu huyo ndiye aliyeanza kusahau.

Mwanzo tulicheka. Alitia chumvi kwenye chai, akasema sukari ya siku hizi mbovu. Alianika kamba za mwani juu ya kamba ya nguo na nguo akazipeleka pwani. Halafu tukaacha kucheka. Akaanza kumwita mume wangu kwa jina la baba yao. Akawa hatulii. Anakaa, anasimama, anakwenda mlangoni, anarudi, anafungua sanduku, analifunga, anauliza saa, hangoji jibu. Ukimuuliza unatafuta nini, anasema, "Kuna kitu sijakimaliza." Siku nzima hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda chooni naacha mlango wazi ili nione anakopita.

Mwanawe wa pekee, Muzammil, ana duka la simu Dar es Salaam. Ni mtoto mwema, tatizo lake anaamini kila kinachotoka ndani ya simu kwa sababu ndicho kinachomlisha. Alimchukua mama yake wakampima kichwa huko mjini, akamrudisha na dawa na jina la ugonjwa: Alzaima. Nikamwambia jina tumelipata, sasa tupe mtu wa kunisaidia kumkimbiza. Akacheka, akaondoka.

Ramadhani mwaka huu Mardhiya alifunga kwa shida, akafunga sita, tukasema Alhamdulillahi sasa atakula. Hakula. Kila asubuhi ukimpelekea chai anageuza uso. "Nimefunga. Nalipa deni langu." Kila mwanamke wa Kiislamu anajua habari ya madeni ya funga. Siku zako za mwezi, uzazi, kunyonyesha, siku ulizokula unazirudisha kabla Ramadhani nyingine haijabisha hodi. Lakini huyu ni mtu wa miaka sabini! Hedhi imeshakuwa hadithi. Nikimwambia hivyo anasema nina husuda. Siku nyingine anafuturu magharibi kwa tonge mbili na kulala. Siku nyingine anasahau hata kufuturu. Kanga akawa anaizungusha kiunoni mara mbili na bado inaanguka.

Nikampigia simu Muzammil.

"Mama yako anakwisha. Hali chakula."

"Mkaza mjomba, ngoja kwanza," akasema. Ndivyo anavyoniita anapotaka kunifundisha jambo, kwa heshima zote za mke wa mjomba. "Usimzuie kufunga. Nimekutumia ujumbe wa sauti, usikilize."

Nikausikiliza. Mwanamume mmoja mwenye sauti nzito, picha yake amevaa koti jeupe, anasema mwili ukikosa chakula unaanza kula takataka zake wenyewe. Seli za ubongo zinajisafisha. Jambo hilo linaitwa otofaji, Mjapani mmoja alipewa tuzo kubwa ya dunia kwa kulichunguza, na ugonjwa wa kusahau ni takataka tu zilizojaa kichwani. Funga, utakumbuka. Mwisho anauza unga wa majani.

Nikampigia tena. "Nimesikia. Mwili unakula uchafu."

"Umeona? Na yeye mwenyewe amependa kufunga. Labda Mungu amemwongoza."

"Na uchafu ukiisha unakula nini?"

"Mkaza mjomba..."

"Nakuuliza. Mama yako ana nyama wapi? Akimaliza uchafu atakula mifupa. Njoo umtazame, usimtibu kwa redio."

"Nakuja mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi njoo na sanda."

Nikakata simu. Lakini neno lake lilikuwa limeniingia, nisiseme uongo. Na kama ni kweli? Na kama mimi na uji wangu ndio ninaomzuia asipone? Siku chache nikawa namwacha. Simpi, simlazimishi, nazunguka tu nyuma yake yeye akizunguka, wawili tunazunguka ua kama kuku waliokatwa vichwa. Ndipo siku moja mchana nikaenda kuteka maji bombani, nikarudi, mlango wazi, Mardhiya hayupo, na fungu la kamba za mwani lililokuwa nyuma ya mlango halipo. Nilikimbia bila ndala. Yaliyobaki umeyasikia.

Hospitali mjini Bagamoyo walimtundikia maji. Daktari alikuwa binti mmoja anaitwa Ashatu, mwembamba, ana macho ya mtu asiyelala. Muzammil alifika kabla chupa ya maji haijaisha, jasho linamtoka, shati limetoka nje ya suruali. Alimbusu mama yake mkono. Mama yake akamtazama, akaniuliza mimi, "Huyu kijana anadaiwa nini?"

Muzammil alimgeukia daktari. "Dokta, nambie ukweli. Ile otofaji ni uongo?"

Nilitaka kumpiga kofi. Daktari Ashatu akavuta kiti.

"Si uongo wote," akasema. "Ndani ya kila seli kuna kazi ya usafi. Vitu vilivyochakaa, protini zilizoharibika, vinakusanywa, vinatiwa ndani ya kitu kama kifuko. Kifuko kinapelekwa mahali penye asidi kali, vinayeyushwa, kinachofaa kinatumika tena. Hiyo ndiyo otofaji. Seli ya ngozi ikichakaa sana inakufa, inakuja mpya. Za ubongo, nyingi tunazaliwa nazo na tunazikwa nazo. Kwa hiyo usafi ukilegea, uchafu unarundikana. Kwenye Alzaima marundo hayo yapo, kwenye ugonjwa wa kutetemeka, Pakinsoni, yapo pia, ya namna yake."

"Basi si ndiyo hayo!" Muzammil akasimama. "Kufunga kunaongeza kufagia."

"Kaa, kaka. Kwa panya wa maabara, kumnyima chakula kumeonyesha dalili njema katika baadhi ya majaribio. Kwa watu bado hatuna ushahidi kwamba kunaponya. Na kuna jambo jingine. Walipochunguza ubongo wa watu wenye ugonjwa kama wa mama yako, walikuta vifuko vimejaa tele ndani ya seli. Inaonekana mara nyingi kukusanya kunaendelea. Panapokwama ni pale pa kuyeyushia."

Mimi nilisoma darasa la saba nikaishia hapo, lakini nimekaa mitaa ya watu. "Kama mtaa wenye wafagiaji, na gari la taka halipiti," nikasema.

"Ndivyo wengi wanavyodhani."

"Sasa ukiongeza wafagiaji?"

"Viroba vitaziba njia," akasema daktari. "Ila tusijidanganye kwamba tunajua yote. Kama usafi ulilegea kwanza uchafu ukajaa, au uchafu ulikuja kwanza usafi ukalemewa, wakubwa zetu bado wanabishana. Wanatafuta dawa ya kuusaidia mwili pale panapokwama. Haijapatikana. Ninachojua leo ni kwamba mama huyu ameishiwa maji, sukari yake ya damu imeshuka, na akirudia tena jambo hili hatutabishana habari ya ubongo. Tutakuwa tunachimba kaburi."

Muzammil akakaa. Alitazama simu yake bila kuiwasha. Halafu akasema, sauti chini, "Mimi nilitaka kuwe na kitu cha kufanya."

Nilikuwa na maneno tele ya kumsema, nikamgeukia daktari.

"Atakula?" nikauliza. "Sisi tukimpa hataki. Anasema ana deni la Mungu."

"Deni gani?"

"Hana deni. Ni kichwa."

Daktari akaandika kitu, akaniangalia. "Mgonjwa wa namna hii anaweza kulisahau jambo zima, na wasiwasi wa lile jambo ukabaki. Hajui unatoka wapi, anaufuata tu. Ukimwambia hakuna kitu, unamwongezea. Tafuteni kama kuna kitu."

Tukarudi naye Mlingotini. Asubuhi yake, Muzammil mwenyewe akamkorogea uji wa ulezi, akautia sukari, akaupuliza kama wa mtoto. Mardhiya akaupokea kwa adabu, akasema ahsante, akatoka nao nje akamwagia kuku. Alirudi na bakuli tupu. "Nimekunywa."

"Mama!" Muzammil karibu alie.

"Unapiga kelele kwa nini? Nani huyu anapiga kelele nyumbani kwangu?" Akaanza kuzunguka tena. Mlangoni, sandukuni, dirishani, mlangoni. Nikamfuata. Nikakumbuka ya daktari, nikabadilisha wimbo.

"Wifi, kweli una deni. Nimekubali."

Akasimama. Siku nyingi hajasimama hivyo. "Umekubali?"

"Nimekubali. Deni la siku zipi?"

Akafikiri. Uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza mazungumzo ya nyumba ya pili. "Za Muzammil," akasema.

"Zangu?" Muzammil akauliza. "Mimi tena?"

Lakini wazo lilikuwa limeshapita. Akaendelea na safari yake ya sandukuni.

Nikamwacha na mwanawe, nikaenda kwa Batuli. Nilimkuta kwenye chanja, anageuza mwani unaokauka. Ni mjane, maskini wa Mungu, na ana ulimi kuliko mimi, ndiyo maana tunapendana.

"Za Muzammil?" akasema. Akaacha kugeuza. "Wee! Kumbe ni hilo?"

"Lipi?"

"Mama Samia, wewe ulikuwa bado hujaolewa huku. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari ya kupangiwa, mchele unausikia kwa jina. Mardhiya ana Muzammil mchanga, na Ramadhani imeingia. Kaanza kufunga, maziwa yakakata. Mtoto analia mpaka anakuwa mweusi. Bibi yake akamwambia kula, utaua mtoto. Akala mwezi mzima, analia kila tonge."

"Halafu hakulipa?"

"Nani, Mardhiya? Alilipa siku zote! Nilifunga naye mimi, kumpa moyo, tunatanda uduvi baharini na funga juu, jua linatupasua. Hazikubaki hata moja. Kilichobaki ni vibaba."

Hapo nikaelewa. Mwanamke akila Ramadhani kwa kumwogopea mtoto aliye kifuani, kwa mafundisho yetu analipa siku, na juu yake anatoa kibaba cha chakula kwa maskini, kila siku na kibaba chake.

"Wangetoa wapi kibaba, na wao wenyewe ndio maskini?" Batuli akaendelea. "Abdillah akasema tutatoa tukivuna. Tutafanya, tutafanya, unamjua. Wakavuna, wakala. Mwaka mwingine hivyo hivyo. Kila Shaabani Mardhiya ananiambia, Batuli, vile vibaba vya Muzammil. Baadaye akaacha kusema, nikadhani ametoa."

"Na wewe muda wote huu umenyamaza!"

"Uliniuliza? Kila siku unakuja hapa kunihadithia kunguni!"

Nilitoka pale mbio. Kwa Maalim Abdulazizi, anayesomesha madrasa, nilimkuta amelala chini ya pikipiki yake anatengeneza breki. Alinijibu akiwa chini hukohuko, namwona miguu tu. Akasema kama siku amezilipa, vibaba vipo palepale, deni halizeeki. Mtoto wake anaweza kumtolea, mchele au chakula kinacholiwa mji huu. "Na yeye kufunga tena?" nikauliza. Akajitoa chini ya pikipiki, mafuta usoni. "Kwa hali hiyo? Kujiua ndiyo haramu, Mama Samia. Mlisheni."

Muzammil alipopata habari alitaka kununua gunia papo hapo na kulipeleka madrasa kwa bodaboda. Deni liishe, arudi dukani.

"Utaliondoa wewe," nikamwambia. "Yeye ataona nini? Kesho anaamka na wasiwasi wake."

"Sasa?"

"Lete mchele hapa nyumbani. Atapima mwenyewe. Kila siku kibaba."

"Mwezi mzima?"

"Wewe ulinyonya mwezi mzima, ulichoka?"

Mchele ukaja. Nikaenda kwa jirani kuazima kopo la kibaba, yale ya zamani ya bati, robo ya pishi. Tukaweka ungo mbele ya Mardhiya, na bakuli, na kopo. Akavitazama kwa shaka. Akatia mkono ndani ya mchele, akaunusa.

"Mchele wa nani?"

"Wako, Mama," Muzammil akasema. "Wa vile vibaba."

"Mimi sina mchele. Silipi deni la Mungu kwa kitu cha kuazima."

Muzammil akapiga magoti chini sakafuni, mtu mzima na saa yake ya mkononi. "Ni wangu. Maziwa niliyanywa mimi, Mama. Nalipa mimi, wewe pima tu."

Akamtazama. Sijui alimwona nani. Halafu mkono ukachukua kopo. Na ule mkono, jamani, haukusahau kitu! Ukachota, ukajaza kibaba mpaka kikapanda kilima, ukapitisha kiganja juu kukifuta, punje zilizomwagika ukaziokota moja moja kwenye ungo ukazirudisha. Akamimina bakulini. "Mpelekeeni mtu," akasema.

Hatukumpelekea. Tulimwita aje. Nilikuwa nimeshawapitia wajane wa mtaa na wazee wasio na mtu, nimewaambia jambo moja tu: ukipokea, sema kwa sauti umepokea, mbele yake. La pili sikuhitaji kuwaambia, kila mtu wa pwani amelelewa nalo: bakuli la mwenzio halirudi tupu. Kabla ya adhuhuri, Mzee Mwinyimvua, wa kwanza, akalirudisha bakuli la mchele na vipande viwili vya muhogo wa nazi ndani yake. Akakaa kibarazani, akasubiri.

Mardhiya akautazama muhogo. Akamtazama mzee. Nikaona pale mambo mawili yanapigana ndani yake, funga na adabu. Mtu amekurudishia chombo, amekaa anakungoja uonje, utamwambia nini? Akavunja kipande kidogo, akatia mdomoni. Mimi nimeshika mlango.

"Nazi kidogo," akasema.

"Nazi ghali, mama," akajibu Mzee Mwinyimvua.

"Si ghali. Ubahili." Akavunja kingine.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga tena, anazunguka, sandukuni, mlangoni, hajui vibaba wala Muzammil. Tukaleta ungo. Mkono ukajua. Akaja bibi mwingine, "Nimepokea", bakuli likarudi na ndizi mbichi za kuchemsha, akala, akasema hazikuiva. Siku moja mpokeaji alichelewa kurudisha bakuli, Mardhiya akakataa kula mpaka jioni na mimi nikapita mtaa mzima nikimtafuta huyo mwanamke, nikamkuta kwenye ngoma, nikamtoa katikati ya wachezaji kwa mkono. Siku nyingine alipima mchele akaumwaga wote kisimani. Tukapima tena. Siku nyingine alimfukuza maskini akamwita mwizi. Muzammil alikuwa anakuja na kurudi, kila anaposhuka anauliza, "Anakumbuka?" nami namjibu, "Anakula. Hilo la kukumbuka kamwulize Mjapani."

Ila nilianza kuona kitu. Kuzunguka kulipungua mchana. Akishapima, akishasikia "nimepokea", anakaa kitako na mikono yake mapajani, kama mtu aliyeshusha mzigo wa kuni. Hajui mzigo gani. Anajua umeshuka. Kanga ikaanza kukaa kiunoni.

Ugonjwa haukuondoka, nisikudanganye kama yule wa koti jeupe. Wiki ile ya mwisho alimwamkia Muzammil "shikamoo", mwanawe wa kumzaa, na Muzammil akaitikia "marahaba, Mama" kwa kuwa hakujua aitikie nini, akaenda kulia nyuma ya jiko. Viroba vipo njiani kichwani mwake na gari halipiti. Mimi simsubirii gari. Namsubiria abaki na nguvu ya kunitukana.

Kibaba cha mwisho nilikuwa nimemwekea Batuli. Alikuja na kanga yake safi, amejifukiza udi, utasema anaposwa. Mardhiya akapima. Akajaza, akafuta kwa kiganja, akaokota punje, akatazama chini ya ungo kama kuna iliyobaki. Haikubaki. Akamsogezea bakuli.

"Nimepokea, Mardhiya," Batuli akasema kwa sauti, mpaka kuku wakashtuka.

"Umepokea nini?"

"Kibaba cha Muzammil. Cha mwisho. Vimetimia."

Mardhiya akamshika Batuli mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja chenye makovu ya kamba za mwani kama chake.

"Hunidai?"

"Sikudai, mwenzangu. Wala Mungu hakudai."

"Hata kidogo?"

"Hata punje."

Asubuhi yake sikuutoa ungo. Nilikaa jikoni, nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi, nimetega masikio nisikie miguu yake sandukuni. Sikusikia. Nikasikia kiti kinavutwa kibarazani.

"Mama Samia!"

"Labeka."

"Nyumba gani hii jua limepanda mtu hajapewa chai? Au mmefunga nyote humu?"